Ngolo za Mwalimu Izidori

Siku tunamzika Mwalimu Izidori pale Mbamba Bay, alisimama kijana mmoja wa ukoo wao, ana miwani, akasoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa hapa, alibatizwa hapa, alioa fulani, alivua samaki, ameacha watoto na wajukuu. Halafu akafika kwenye habari za Kitura, kijijini kwetu milimani. Akasoma hivi: "Marehemu aliwahi kufundisha kwa muda mfupi huko Umatengo, akaacha kazi kwa sababu zake mwenyewe." Akageuza karatasi, akarudi kwenye samaki.

Sababu zake mwenyewe.

Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, miguu imekufa ganzi, nikasema kwa sauti, "Uongo huo." Mama mmoja akanivuta khanga. "Bibi, tuko msibani." Najua tuko msibani, sikuja kununua dagaa. Uongo wa msibani ndio mbaya zaidi, maana anayesemwa hawezi kuinuka akajibu. Basi najibu mimi. Mimi Theodosia binti Tadei wa Kitura, niliyeishia darasa la pili, na nitasema pia kwa nini niliishia hapo.

Izidori alipanda kuja kwetu wakati wa Mwingereza, miti ya kahawa ya baba bado michanga, haijazaa hata kikombe kimoja. Alikuja kwa miguu kutoka ziwani, sanduku kichwani, Mnyasa mrefu mwembamba anayecheka kabla hujamaliza kusema. Watu wetu walimdharau siku hiyo hiyo. Walimwita Bwana Usipa, kwa vile visamaki vidogo vya kwao. Yeye aliitika.

Shule yetu ilikuwa nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi. Jumapili ilikuwa kanisa, Jumatatu inageuka shule. Mwalimu aliyemtangulia alikuwa na akili ya ajabu: watoto wakipungua darasani, alichapa waliokuja. Basi na waliokuja wakaona bora kutokuja. Izidori alikuta benchi la nyuma limejaa vumbi, hakuna anayelikalia. Hakuuliza kiboko kiko wapi. Aliuliza, "Hawa waliokuwa wanakaa hapa wako wapi?"

Kila asubuhi alisimama mlangoni. Unasema "Shikamoo Mwalimu," yeye anaitikia, halafu anakushika mikono yote miwili, anaigeuza viganja juu, anatazama, anakuachia unapita. Sisi tulidhani anatafuta uchafu. Tulikuwa tunajisugua na majani mpaka ngozi inawaka. Hakuwa anatafuta uchafu. Alikuwa anasoma ni nani anakaribia kuacha.

Kiliani alikutwa na alama ya kamba viganjani. Kumbe mjomba wake amemkabidhi mbuzi. Izidori alikwenda kwa mjomba, akarudi amepatana naye: mbuzi waje shuleni na Kiliani. Waliwafunga kwenye nyasi nyuma ya ukuta, na tukiwa tunasoma silabi, mbuzi wanaitikia. Watu walicheka, lakini Kiliani aliendelea kuja.

Sasa kwa wasichana alikuwa anatafuta malengelenge, na hapo inabidi nieleze, maana siku hizi hata wajukuu wa Umatengo hawajui kazi ya kwao. Kwetu tunalima milimani, kwa hiyo tunachimba ngolo. Mvua zikikaribia kwisha, mwanaume anafyeka nyasi, zikikauka anazipanga mraba mraba mteremko mzima. Akimaliza hapo anakwenda kukaa. Mwanamke ndiye anayeingia ndani ya kila mraba, anachimba katikati, udongo anafukia nyasi. Linabaki shimo katikati na kingo pande zote, maji yanatua shimoni, maharage unapanda kwenye kingo. Mteremko mmoja ni mashimo yasiyohesabika, na kila shimo ni mgongo wa mwanamke. Msichana akikomaa kidogo, baba anamkatia mpini wa kimo chake, anampa jembe lake mwenyewe. Watu wanashangilia, mtoto amekuwa mtu. Na mtoto aliyekuwa mtu hivyo, shuleni hamumuoni tena.

Mwaka ule, mwanzo wa Kwaresima, dada yangu Serafina alifika mlangoni na viganja vyake vimetumbuka. Mwalimu alivishika muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mstari, nikaona uso wa Mwalimu umezimika.

Serafina alikuwa darasa la nne, na sijapata kuona mtoto mwenye kichwa kama kile. Masista walikuwa waje baada ya Pasaka kuchagua wasichana wa kwenda kusoma kwao, na walishasema ambaye Pasaka itamkuta ameacha shule hawatamtazama. Ndilo lililokuwa hatarini, hilo tu. Serafina akae kwenye benchi mpaka Pasaka, au achimbe mpaka aolewe.

Kesho yake hakuja. Mwalimu akaja nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Umekuja kunichapa na mimi?"

"Nimekuja kuuliza habari za Serafina."

"Serafina mzima. Yuko shamba na mama yake."

"Masista wanakuja, baba. Huyu mtoto ana akili."

"Akili yake nimeiona," baba akasema. "Ndiyo maana nimempa jembe."

"Na shamba likiisha?"

"Likiisha atarudi."

Hapo hata mbwa wetu alijua ni uongo. Likiisha la kuchimba linaanza la kupanda, likiisha la kupanda linaanza la kuvuna. Baba akaendelea, anajifurahisha mwenyewe. "Nyinyi huko ziwani mnalima mchanga, Mwalimu. Mnachomeka mhogo mnarudi kulala. Huku ngolo zisipochimbwa sasa, mwaka mzima utakula nini na hao usipa wako?"

Izidori akacheka naye. Lakini akaondoka na neno moja tu kichwani: kinachomzuia mtoto ni kuchimba. Na kuchimba yeye anajua. Kwao ziwani wote wanashika jembe, mwanaume na mwanamke, na jirani akikuona umeelemewa anaingia shambani anakusaidia, hakuna baraza la kuitisha.

Jumamosi tukamwona anashuka mteremko wetu na jembe begani.

Sasa sikilizeni. Kwetu mwanaume hachimbi ngolo. Akionekana anachimba kwa watu, bila kuitwa, kwenye shamba la baba mwenye binti, ana maana moja tu. Anamwomba binti. Anaonyesha nguvu zake, na baba akimwacha achimbe mpaka jua lizame, basi ameshakubaliwa kuzungumza. Kila mtu Kitura alilijua hilo, mpaka mtoto anayetambaa. Hakuna aliyemwambia Mnyasa.

Wanawake wa mteremko wa pili walipomwona, walipiga vigelegele. Yeye masikini alidhani wanamsifu kwa moyo mzuri. Akavua kofia, akawapungia.

Mama yangu Margareta alijua. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, jembe mkononi, angeweza kusema, "Mwalimu, toka shambani." Hakusema. Alikuwa amechoka, na hapo imeongezeka mikono miwili ya mwanaume inayochimba kama mashine. Akainama akaendelea na shimo lake. Mama yangu nilimpenda na nilimzika vizuri, lakini hilo sikumsamehe.

Serafina ndiye aliyejaribu. Alimwambia, "Mwalimu, pumzika, nenda." Akamjibu, "Wewe nenda ukasome. Jumatatu nataka kukuona mbele." Dada yangu akaona aibu kueleza zaidi. Msichana atamwelezaje mwalimu wake jambo kama hilo?

Jumapili baada ya misa Mwalimu aliitwa kwenye sengu. Ndipo wanaume wa ukoo wetu wanapokula pamoja na kukata mashauri, mbele ya nyumba ya mkubwa wao. Wakati ule mkubwa alikuwa baba yetu mkubwa, Placidi, mtu aliyependa sauti yake kuliko chakula. Izidori alifikiri wamemwita kumshukuru. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, ukuta ni wa miti na udongo, unasikia hata mtu akijikuna. Alikula ugali wetu na maharage mpaka akashiba.

Placidi akaanza. "Umechimba vizuri."

"Asante, baba."

"Kwenu wanajua?"

"Wanajua nini, baba?"

"Utamleta nani kutoka ziwani kuja kuzungumza? Una baba? Una mjomba?"

Nikasikia bakuli linawekwa chini. Mzee mmoja akamsaidia: "Si umemchimbia Serafina."

"Wazee wangu," Izidori akasema, "mimi ni mwalimu wake. Yule ni mtoto. Nimechimba ili akae darasani, basi. Sina lingine."

Wakacheka kwanza. Halafu Placidi akaacha kucheka, na wengine wakaacha.

"Kwa hiyo unamkataa."

"Simkatai. Sikumwomba."

"Mtu haingii shamba la watu na jembe kama hakuomba. Umechimba, watu wote wameona, wanawake wamepiga vigelegele na wewe ukawajibu kwa kofia. Leo unasema humtaki. Unatutia aibu kwa mtoto wetu."

Ungedhani hapo mtu mwenye akili timamu angesema, huyu mgeni amekosea, mwacheni. Walikuwa wanaume wengi pale, wengine wamesoma katekisimu mpaka mwisho. Hakuna aliyesema. Baba yangu Tadei alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Placidi akatoa hukumu: ngolo zote alizochimba yule Mnyasa zifukiwe, zisawazishwe, na Serafina azichimbe upya kwa mkono wake mwenyewe, ili watu waone hakuna jasho la mwanaume humo.

Mmeelewa hiyo hukumu? Mtu amekuja kumpunguzia mtoto kazi, wao wameigeuza kazi mara mbili. Na waliona wamefanya haki. Walinawa mikono wakaenda kunywa, na ilikuwa Kwaresima.

Serafina akaingia shambani kufukia. Kufukia ngolo ni kazi mbaya kuliko kuchimba, maana unaua kitu kizuri. Mwalimu alikuwa anapita njia ya juu akitoka shule, anasimama, anatazama, hathubutu hata kukanyaga majani ya shamba letu. Hapo tayari wanakijiji walikuwa wanamwita Mkwe. "Mkwe, umeacha jembe lako wapi?" Hakuwajibu tena.

Siku moja akaniita nje ya darasa. "Theodosia. Huku kwenu, mtu anaweza kuchimba shamba la mwenzake bila kuoa?"

"Kwenye ngokela anaweza."

"Ndiyo nini?"

Nikamwangalia, mtu mzima mwalimu hajui ngokela. "Mwenye shamba anaita watu, wanakuja wengi, wanachimba pamoja, wanakunywa, wanaondoka."

"Na wakija wengi, hakuna anayehesabiwa kuwa anaomba binti?"

"Wote watamwoaje mmoja, Mwalimu?"

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati. Ndiyo mara ya mwisho nilimwona anacheka vile. Halafu akaniuliza, "Mama yako anaweza kuita ngokela?"

Nikampelekea mama hilo neno. Mama hakunijibu. Alinyamaza vile vile alivyonyamaza siku ile, ila safari hii alinyamaza huku analoweka ulezi uchipue. Ilikuwa Kwaresima, pombe hapana, kwa hiyo alipika togwa, mtungi mkubwa. Baba alipouliza ya nini, akasema, "Ya ngokela. Nimeita watu." Baba akauliza watu gani. Mama akasema, "Wanafunzi."

Walikuja wote. Shule nzima, wakubwa kwa wadogo, kila mtu na jembe lake au la kuazima, wavulana na wasichana, na Kiliani na mbuzi zake. Mwalimu alikuwa katikati yao, anachimba mstari mmoja na wao, wala hakuna aliyeweza kunyoosha kidole kusema ni yeye. Wanaume waliokuwa wanapita waliwakejeli wavulana.

"Nyinyi leo mmekuwa wake za nani?"

"Za mbuzi," Kiliani akajibu, hata hakuinua kichwa.

Mwalimu alikuwa anawaimbisha jedwali la kuzidisha. Mbili mara mbili, jembe chini. Mbili mara tatu, udongo juu. Walioko mteremko wa pili walisimama kutazama na safari hii hawakupiga vigelegele, hawakujua wapige vya nini. Jua lilipopinda, mteremko wote ulikuwa umechimbwa, ngolo baada ya ngolo, na wanafunzi wamekaa kwenye kingo wanakunywa togwa.

Ndipo Placidi alipotokea. Alikuwa hayupo tangu asubuhi. Kumbe alikuwa amekwenda misheni kupeleka habari, na nyuma yake alikuja padri Mzungu anayesimamia shule, anasukuma pikipiki yake kwa sababu njia yetu haipandiki. Amelowa jasho na hasira.

"Mwalimu, shule iko wapi?"

Izidori akainuka, udongo mpaka magotini. "Iko hapa, Padri. Wote wapo. Leo hakuna hata mmoja aliyekosa."

"Umefunga shule ukaleta watoto kufanya kibarua kwa watu wa mchumba wako. Na pombe, Kwaresima."

"Ni togwa, Padri. Onja."

Padri hakuonja. Mtoto gani angekufa akionja togwa? Mama akamnyooshea kata, Padri akaipita kama haioni. Izidori alieleza habari zote, tangu malengelenge mpaka ngokela, polepole, kama anafundisha. Padri alisikiliza mpaka mwisho, nitampa hilo. Halafu akamwambia atafundisha mpaka Pasaka, na baada ya hapo misheni haimhitaji. Placidi alikuwa nyuma yake, anatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya mtu aliyekuchoma nyumba anakuletea maji.

Lakini shamba lilikuwa limekwisha. Baba yangu akatazama mteremko, akatazama watu waliokuja kushuhudia, na mdomo wake mwenyewe ulikuwa umesema likiisha atarudi. Jumatatu Serafina alikaa benchi la mbele, mikono imefungwa matambara, hawezi kushika chaki. Mwalimu alimwandikia yeye, huku Serafina anasema majibu. Mpaka Pasaka mikono ikapona. Masista walikuja, wakampima, wakamchukua yeye na wengine wawili kutoka vijiji vya jirani. Izidori alisimama kule chini barabarani mpaka lori lilipopotea. Halafu akabeba sanduku lake kichwani, akashuka ziwani. Kitura wakasema amekimbia ndoa. Placidi aliisambaza hiyo hadithi kila ngokela mpaka alipokufa, na Mungu ajuaye atafanya naye anavyoona, mimi nimeshaona changu.

Akaja mwalimu mpya. Hakusimama mlangoni. Mwaka uliofuata, Kwaresima, baba alinikatia mpini wa kimo changu. Nilichimba Jumamosi na Jumapili, viganja vikatumbuka. Jumatatu nikaenda shule mapema. Nikasimama mlangoni, nikasema shikamoo, nikanyoosha mikono yote miwili, viganja juu. Nikangoja.

"Unafanya nini?" mwalimu mpya akauliza. "Pita, unaziba njia."

Nikapita. Nikakaa siku ile moja. Kesho yake nilikuwa shamba, na hakuna aliyekuja kuuliza. Kiliani naye akafuata, na mbuzi zake. Benchi la nyuma likarudia vumbi lake.

Basi pale Mbamba Bay, baada ya mazishi nilimfuata yule kijana wa miwani. Nikamwambia, "Nani amekwambia Mwalimu Izidori aliacha kazi kwa sababu zake mwenyewe?"

"Bibi, mimi nimesoma tu," akasema, amejikunyata. "Aliyeandika ni Mwalimu Serafina. Alituambia alimfahamu marehemu tangu utotoni, tukampa kalamu."

Dada yangu alikuwa amekaa kwenye kiti, kiti chenye mgongo, amevaa kitenge kizuri. Mwalimu mstaafu, nyumba Songea, watoto wamesoma wote. Nikamsimamia mbele.

"Sababu zake mwenyewe, dada?"

"Teo, kaa chini, watu wanatazama."

"Watazame. Nani alifukuzwa, na kwa ajili ya nani?"

Akateremsha sauti. "Ningeandikaje? Hujui nilivyoteswa na ile hadithi. Mpaka naolewa, mume wangu aliulizwa kama anajua kuna Mnyasa alinichimbia akanikataa. Maisha yangu yote nimeikimbia. Leo niisomeshe msibani?"

"Ndiyo. Ungeandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Kwamba alichimba ili wewe ukae."

"Mwenyewe hakuwahi kulalamika."

"Ulikuja kumuuliza lini?"

Tangu dada apate kazi, barabara ya kuja ziwani ipo, na mara ya kwanza kushuka kwake ni siku ya jeneza.

Akaanza kulia, na wanawake wakaanza kuniambia nimwache, ni msiba, ni dada yangu, sisi ni wazee. Serafina akaninyooshea mkono tupatane. Nikaushika. Nikaugeuza, kiganja juu, nikakitazama muda mrefu, kama Mwalimu Izidori alivyokuwa anatazama. Kilikuwa laini, hakina alama hata moja.

Nikauachia, nikaenda kutafuta gari la kupanda Mbinga. Ananipigia simu kila Pasaka. Sipokei.